Diski za nje zenye kasi na kadi za USB kwa kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kompyuta nyingi za mezani majumbani mwetu zilianzia maofisini Ulaya na Marekani. Dell OptiPlex, HP Compaq Elite na Lenovo ThinkCentre ziliingia kwa kontena, zikauzwa tena Kariakoo au Luthuli Avenue. Ni mashine imara na bado zina kazi. Tatizo huanza pale mwenye nayo anaponunua SSD mpya ya nje, yaani diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, na kuichomeka kwenye tundu la mwaka 2011. Majibu haya yamelenga mashine hizo kwanza, ingawa mengi yanafaa pia kwa kompyuta mpya na laptopu.

Boksi la SSD yangu limeandikwa 1050 MB/s. Mbona inanakili kwa 38 MB/s?

Hiyo 38 imeshakujibu. Diski yoyote inayogota kati ya 30 na 42 MB/s inapita kwenye USB 2.0. SSD yenyewe haina ubaya, ila kuna kitu njiani kinachoibana. Kagua kwa mpangilio huu.

Anza na tundu. Matundu ya mbele ya kompyuta nyingi za ofisi ni ya USB 2.0 hata pale ya nyuma yanapokuwa ya USB 3. Hamishia nyuma.

Kisha kebo. Kebo ya USB-C iliyokuja na simu mara nyingi ni ya kuchajia, na ndani yake hakuna nyaya za data isipokuwa zile za USB 2.0. Kwa macho huwezi kuitofautisha na kebo iliyokuja na SSD. Tumia ile ya kwenye boksi la SSD, na uitie alama ya wino au uzi isije ikachanganyika na za simu.

Halafu habu na kebo ya kurefusha. Ziondoe zote, chomeka diski moja kwa moja kwenye mashine.

La mwisho wengi hawaliamini mpaka wajaribu: kuchomeka polepole. Plagi ya USB 3 ya umbo la kawaida ina safu mbili za pini, nne za USB 2.0 na tano za ziada. Ukiisukuma taratibu, zile nne zinaweza kushika kabla ya tano, na kompyuta ikaisajili diski kama ya USB 2.0 na kubaki hivyo. Chomoa, kisha uchomeke tena kwa msukumo mmoja mpaka mwisho.

Gbps na MB/s zinahusianaje?

Herufi ndogo b ni biti, kubwa B ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hesabu ya haraka, gawa kwa 10 badala ya 8, kwa sababu sehemu ya kasi huliwa na usimamizi wa mawasiliano. Hivyo 5 Gbps ni 500 MB/s kwenye karatasi, na pungufu kidogo kwenye kazi. Kunakili GB 100 za mafaili makubwa huchukua takriban muda huu:

- USB 2.0 (480 Mbps): karibu 35 MB/s, dakika 48
- USB ya 5 Gbps: 400 hadi 450 MB/s, dakika 4
- USB ya 10 Gbps: karibu 1000 MB/s, chini ya dakika 2
- USB ya 20 Gbps: karibu 2000 MB/s, sekunde 50
- Thunderbolt 3 (njia nyingine ya kasi, yenye tundu la umbo la USB-C): karibu 2800 MB/s, sekunde 36

Namba hizi zinapatikana tu kama pande zote mbili zina uwezo huo. Ukinakili kutoka diski ngumu ya ndani inayosoma 120 MB/s, SSD ya nje ya 1000 MB/s itapokea 120 na muda mwingi itakaa ikisubiri. Mafaili madogo madogo nayo ni janga jingine: picha 40,000 za KB 200 zitaenda polepole kuliko faili moja la GB 8, hata kwenye vifaa vilevile, kwa sababu kila faili lina shughuli yake ya kufunguliwa, kusajiliwa na kufungwa. Ukiweza, zifungashe kwenye faili moja la zip kwanza.

USB 3.0, 3.1 Gen 1 na 3.2 Gen 1 zina tofauti gani?

Hazina tofauti. Ni 5 Gbps ileile iliyotoka mwaka 2008 ikibadilishwa jina kila kiwango kipya kilipotoka. Gen 2 ni 10 Gbps, na Gen 2x2 ni 20 Gbps. Boksi likisema "USB 3.2" peke yake, lihesabu kuwa 5 Gbps mpaka uone namba ya Gbps imeandikwa. Usisome jina, soma namba.

Nitajuaje kompyuta yangu ina USB gani?

Chungulia ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Kwenye ulimi wa plastiki wa tundu la USB 3 utaona vipande vitano vidogo vya chuma karibu na mdomo, mbali na vile vinne vya nyuma. La USB 2.0 lina vinne tu. Rangi ya bluu ni dalili nzuri lakini haimlazimishi mtengenezaji: wapo wanaotumia nyeusi kwa USB 3, na wapo wauza kadi wanaotia bluu kila mahali.

Kwenye Windows fungua Device Manager, sehemu ya vidhibiti vya USB. Ukiona maneno "eXtensible Host Controller", mashine ina USB 3 mahali fulani. Ukiona "Enhanced Host Controller" peke yake, mwisho wake ni USB 2.0. Kwenye Linux chomeka diski na uandike `lsusb -t`. Mwisho wa mstari wa diski utaona 480M, 5000M au 10000M, na hiyo ndiyo kasi ambayo kompyuta na diski zimekubaliana.

Kwa wanaotumia mashine za ofisi, mwaka wa mpaka ni 2012. Chipseti (chipu kuu za ubao mama) za Intel za mfululizo wa 6 hazikuwa na USB 3 ndani yake. Za mfululizo wa 7, zilizotoka mwaka huo, zinayo. Ndiyo maana OptiPlex 790 haina USB 3 na OptiPlex 7010 inayo. HP Compaq 8200 Elite haina, 8300 Elite inayo. Ukiwa bado dukani unachagua, tofauti ya bei kati ya 790 na 7010 mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kadi.

Ninunue diski ngumu au SSD?

Ikiwa kazi ni kuweka nakala za akiba, picha za familia na filamu, diski ngumu bado ndiyo inayotoa nafasi kubwa kwa pesa kidogo. Ile ndogo ya inchi 2.5 husoma 100 hadi 140 MB/s. Ile kubwa ya inchi 3.5, yenye adapta yake ya umeme, hufika 200 na zaidi. Zote mbili zinatoshea kwenye USB ya 5 Gbps, kwa hiyo usilipe ziada kwa diski ngumu inayojisifu kwa 10 Gbps.

Ikiwa unahariri video moja kwa moja kutoka diski ya nje, unaendesha mashine pepe, au unasafiri nayo kwenye begi la bodaboda, nunua SSD. Haina sahani inayozunguka, na kuanguka kutoka mezani si msiba.

Jihadhari na diski ngumu za SMR, ambazo huandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa. Kusoma ni sawa, lakini ukiandika kwa wingi mfululizo zinaweza kushuka hadi makumi machache ya MB/s. Kwa nakala ya usiku hakuna shida. Kwa kuhariri, achana nazo.

Na kabla ya yote: kama Windows yako bado inakaa kwenye diski ngumu, pesa ya kwanza iende kwenye SSD ya ndani ya SATA, yaani kiunganishi cha kawaida cha diski za ndani. Inasoma karibu 550 MB/s na hubadilisha mashine nzima, wakati diski ya nje hubadilisha kazi ya kunakili tu. Kwenye chipseti nyingi za mfululizo wa 6 na 7 ni tundu moja au mawili tu ya SATA yenye 6 Gbps, kwa kawaida 0, au 0 na 1. Ichomeke hapo.

SSD iliyo tayari, au kasha na SSD ya M.2 kando?

Iliyo tayari ni rahisi na ina waranti moja. Kasha hukupa uhuru: leo ni diski ya nje, kesho unaitoa na kuiweka ndani ya laptopu. Ukichagua kasha, angalia mambo matatu.

La kwanza ni aina ya SSD. Kipande cha M.2, yaani SSD ndogo ya umbo la ubao mwembamba, kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe (aina ya kasi zaidi), na kasha la aina moja halisomi nyingine. Kwa kawaida NVMe ina pengo moja kwenye meno ya dhahabu na SATA ina mapengo mawili, lakini soma lebo kuhakikisha. Kasha lenye chipu ya RTL9210B linapokea zote mbili, na kwa mtu anayeokoteza SSD kutoka laptopu zilizokufa hilo ni jambo kubwa.

La pili ni chipu. Kwa NVMe kwenye 10 Gbps utakutana na JMS583, ASM2362 na RTL9210. ASM2364 ni ya 20 Gbps, ASM2464PD ni ya USB4. Kwa SSD ya SATA ya inchi 2.5 zipo JMS578, ASM1153E na ASM235CM. Muuzaji asiyetaja chipu kabisa mara nyingi anaficha ya zamani isiyo na UASP, yaani utaratibu unaoruhusu amri nyingi kwenda kwa pamoja badala ya moja moja. Bila UASP kasi hushuka, hasa kwa mafaili madogo. Kwenye Windows, diski yenye UASP huonekana kama "USB Attached SCSI". Isiyo nayo ni "USB Mass Storage Device".

La tatu ni urefu. 2280 maana yake upana mm 22 na urefu mm 80. Kuna pia 2242 na 2230. Hakikisha kasha lina tundu la skrubu, au kifuniko cha mpira, kwa urefu wako.

Wakati wa kufunga, kuna karatasi laini ya kupitisha joto inayokaa kati ya SSD na bati la kasha. Ina plastiki nyembamba pande zote mbili. Watu hubandua upande mmoja na kusahau wa pili, halafu hulalamika kuwa SSD inaunguza vidole na kupunguza kasi. Bandua zote mbili.

Inaanza na 900 MB/s, baada ya dakika chache inashuka hadi 80. Kwa nini?

Sababu ni mbili, na zinatofautishwa kwa mkono. Gusa kasha. Kama ni moto sana, SSD inajilinda: NVMe nyingi hupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 70 hadi 80. Weka kasha juu ya kitu cha chuma, elekeza feni, usiliweke juu ya laptopu wala kwenye jua la dirishani. Katika chumba cha Mombasa au Dar mwezi Februari, kasha la plastiki halina pa kupeleka joto. Nunua la alumini lenye mifereji.

Kama kasha ni vuguvugu tu, basi bafa imejaa. SSD za kisasa huandika kwanza kwenye sehemu inayofanya kazi kwa biti moja kwa seli, ambayo ni ya kasi, kisha huhamisha data polepole kwenye seli za biti tatu au nne. Za biti nne, zinazoitwa QLC, bafa ikijaa zinaweza kuandika polepole kuliko diski ngumu. Bafa nayo huchotwa kwenye nafasi iliyo wazi, kwa hiyo SSD iliyojaa asilimia 90 ina bafa ndogo sana. Acha angalau asilimia 15 hadi 20 wazi. Ukijua unanakili GB 300 kwa mkupuo kila siku, tafuta ya TLC (biti tatu), si QLC.

Mashine yangu haina USB 3. Kadi gani ya PCIe ninunue?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kadi huuzwa kwa idadi ya matundu ilhali kinachoamua kasi ni njia za PCIe (mfumo wa sloti za kadi kwenye ubao mama) zinazoilisha. Kila njia ina kikomo: kizazi cha 2 ni 500 MB/s, kizazi cha 3 ni karibu 985 MB/s. Kadi fupi ya x1 ina njia moja.

Chukua kadi ya matundu manne ya 5 Gbps yenye chipu ya Renesas uPD720201 au VIA VL805. Zote mbili ni za x1, kizazi cha 2. Matundu manne yanagawana 500 MB/s, na baada ya makato ni karibu 400. Diski moja ikifanya kazi hutaona tatizo. Ukinakili kutoka SSD moja kwenda nyingine kwenye kadi hiyohiyo, data inaingia na kutoka kwa wakati mmoja. PCIe hupitisha pande zote mbili kwa hiyo inavumilika, lakini ukisoma diski tatu kwa pamoja zitagawana mkate mmoja. Kadi ya matundu saba ya x1 ni kadi ileile yenye habu ndani.

Kwa SSD ya 10 Gbps unahitaji kadi yenye njia mbili au zaidi. ASM3142 ndiyo chipu inayopatikana sana: njia mbili za kizazi cha 3, na kadi zake nyingi zina umbo la x4. Kwenye OptiPlex 7010 yenye prosesa ya kizazi cha tatu cha Core, iweke kwenye sloti ndefu ya x16 inayotoka kwenye prosesa, kwa sababu ile ni kizazi cha 3. Kama hutumii kadi ya grafiki, sloti hiyo imekaa bure. Kadi fupi inaingia kwenye sloti ndefu bila tatizo. Ukiiweka kwenye sloti ya pili, ya x4 kizazi cha 2, njia zake mbili zinabaki na 1000 MB/s za karatasini, yaani karibu 800 za kweli.

Kadi yoyote ya x1 inayojitangaza 10 Gbps kwenye mashine ya kizazi cha 2 itaishia karibu 400. Haijavunjika.

Angalia pia kimo. Kasha dogo la SFF linahitaji bati fupi, kama sentimita 8. La kawaida ni sentimita 12. Nunua kadi inayokuja na mabati yote mawili. Kompyuta ndogo kabisa za Micro au Tiny kwa kawaida hazina nafasi ya kadi.

Kwa nini kadi ina tundu la waya wa umeme?

Diski nne zikivuta 0.9 A kila moja kwa volti 5 ni wati 18, na kadi ya x1 kwa kanuni huanza na wati 10. Bila waya wa ziada, flashi zitafanya kazi lakini diski ngumu itatoa mlio wa tik-tik na kupotea. Kama kadi yako ina tundu la umeme, tumia. Baadhi ya kadi hazitoi umeme wowote kwenye matundu mpaka waya huo uchomekwe, na mtu hudhani zimekufa.

Waya ukikosekana, tumia kigawanyi cha SATA. Ukilazimika kutumia adapta ya kutoka Molex (plagi ya umeme ya zamani yenye pini nne) kwenda SATA, epuka ile ambayo kichwa chake cha SATA ni plastiki iliyomiminwa nzima: nyaya zake hukaa karibu mno ndani, na zimewahi kushika moto. Chagua ambayo kila waya unaonekana umebanwa kwenye pini yake.

Naiwekaje?

1. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.
2. Fungua kifuniko na uguse chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kadi.
3. Toa bati la kuziba la sloti unayotaka, linganisha meno ya kadi na usukume sawasawa pande zote mbili mpaka ikae. Meno ya dhahabu yasionekane tena, isipokuwa ulalo mdogo usiozidi milimita moja.
4. Funga skrubu au kibanio. Kadi isiyofungwa hunyanyuka kila unapochomeka kebo.
5. Chomeka waya wa umeme, funga, washa.

Windows 8 na kuendelea zina draiva ya USB 3 ndani yake. Linux vilevile. Windows 7 haina, na utahitaji draiva ya mtengenezaji wa chipu.

Kadi imekaa, lakini diski inakatika katikati ya kunakili.

Badilisha kebo kwanza, kisha kagua umeme wa kadi. Vikiwa sawa, ingia kwenye mipangilio ya juu ya umeme ya Windows, zima "USB selective suspend" na uweke "Link State Power Management" kuwa Off. Bado? Toa kadi, safisha meno kwa ufutio laini wa penseli na kitambaa kikavu, ijaribu sloti nyingine.

Kwenye Linux, baadhi ya makasha hugombana na UAS (ndiyo ileile UASP) na kumbukumbu za kernel hujaa makosa ya "uas_eh_abort_handler". Tafuta namba ya kasha kwa `lsusb`, kisha uongeze kwenye amri ya kuwasha kernel, kwa mfano `usb-storage.quirks=152d:0578:u` kwa JMS578. Kasi itapungua kidogo, kukatika kutaisha.

Si bora niweke NVMe ndani kabisa?

Kama diski haihami, ndiyo. Kibao cha kugeuza M.2 kuwa PCIe x4 hakina hata chipu, ni nyaya tu, na ni cha bei ndogo kuliko kadi nzuri ya USB. Kwenye sloti ya x4 kizazi cha 2 utapata karibu 1600 MB/s. Ila BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya 790 au 7010 haijui kuwasha mfumo kutoka NVMe. Acha Windows kwenye SSD ya SATA na uifanye NVMe kuwa ghala la kazi.

Vipi Thunderbolt, USB4 na ile ya 20 Gbps?

Kadi ya Thunderbolt haifanyi kazi kwenye ubao mama wowote tu. Inahitaji kiunganishi maalumu kwenye ubao na BIOS inayoitambua. Kwa mashine za ofisi tunazozizungumzia, sahau.

SSD ya 20 Gbps ina mtego wake: kompyuta nyingi, zikiwemo Mac, haziungi mkono Gen 2x2, na diski hushuka hadi 10 Gbps. Ukiwa na Mac au laptopu yenye Thunderbolt, nunua ya 10 Gbps kwa bei ndogo, au ruka moja kwa moja hadi kasha la USB4.

Kebo ndefu kiasi gani inaruhusiwa?

Kwa USB-C, mita 2 kwa 5 Gbps, mita 1 kwa 10 Gbps, na sentimita 80 kwa 40 Gbps isiyo na chipu ndani. Zaidi ya hapo tarajia kukatika.

Nifomati kwa mfumo gani?

Windows pekee: NTFS. Inaweka daftari la mabadiliko, hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika kuna nafasi nzuri ya kupona. Kati ya Windows na Mac: exFAT, lakini haina daftari hilo, kwa hiyo kuichomoa ghafla ni kucheza kamari. FAT32 bakiza kwa redio ya gari na televisheni za zamani. Haipokei faili la kufikia GB 4, ndiyo maana filamu inakataa kuingia na ujumbe kuwa faili ni kubwa mno ilhali diski ni tupu.

Nimenunua TB 1, Windows inaonyesha 931 GB. Nimepunjwa?

Hapana. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1024. Baiti 1,000,000,000,000 ukizigawa kwa 1,073,741,824 unapata 931.

Na hii SSD ya TB 16 kwa bei ya viatu?

Feki. Ndani yake kwa kawaida kuna kadi ndogo ya simu iliyogundishwa kwenye kibao cha USB 2.0, pengine na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Programu yake imefundishwa kudanganya ukubwa: ikifika mwisho wa nafasi halisi, inaanza kuandika juu ya mafaili yako ya zamani, na majina yanabaki yakionekana kama kawaida. Utajua siku utakayofungua picha.

Pima siku ya kwanza, kabla muda wa kurudisha haujapita. Windows ina H2testw. Linux na Mac zina F3, kwa amri `f3write` kisha `f3read`. Zinajaza diski nzima na kuisoma upya. TB 1 halisi kwenye 400 MB/s ni saa moja na nusu hivi. Ikiwa programu inakadiria siku kadhaa, huhitaji kusubiri jibu.

Naweza kuiacha SSD kabatini mwaka mzima kama akiba?

Usiitegemee peke yake. SSD hushika data kwa chaji ya umeme ndani ya seli, na chaji huvuja, haraka zaidi kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida kinadai data ikae mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30, ikiwa SSD imeshamaliza umri wake wa kuandikwa. Mpya hukaa zaidi. Ichomeke kila baada ya miezi michache na uache mafaili yasomwe. Nakala ya muda mrefu iweke kwenye diski ngumu, na nyingine nje ya nyumba.

Nikichomeka diski ya USB 3, kipanya kisicho na waya kinarukaruka.

USB 3 hutoa kelele za redio kwenye eneo la 2.4 GHz, palepale kipanya, kibodi na Wi-Fi ya zamani zinapozungumzia. Intel waliandika kuhusu hili tangu 2012. Toa kipokezi cha kipanya pembeni mwa diski, kiweke kwenye tundu la mbele au kwenye kebo ya kurefusha ya USB 2.0 ya nusu mita. Wi-Fi ihamishie 5 GHz. Kebo ya diski yenye kinga nzuri ya chuma husaidia pia, lakini mara nyingi sentimita 50 za umbali zinatosha.